Kutathmini Hatari ya Maporomoko ya Theluji Milimani: Matabaka, Viwango na Lugha ya Tahadhari

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna hatari ya maporomoko ya theluji inavyotathminiwa katika maeneo ya milima yasiyo na kinga ya kudumu, kwa kutumia zaidi mifano ya Uswisi, Austria na Kanada. Yanachunguza kwanza jinsi theluji inavyojijenga kwa matabaka, kisha jinsi vipimo na uchunguzi vinavyogeuzwa kuwa taarifa ya hatari yenye viwango vitano, na mwisho jinsi msafiri anavyopaswa kuitumia taarifa hiyo mbele ya mteremko halisi. Hoja kuu ni kwamba kiwango kinachotangazwa ni muhtasari wa hali ya eneo zima, si hukumu juu ya mteremko mmoja. Usalama hutegemea mgawanyo wa kazi baina ya taasisi inayotabiri na mtu anayeisoma ardhi, na mgawanyo huo hulegea zaidi katika kiwango cha 3, ambako takriban nusu ya vifo vya Uswisi hutokea. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha mambo yanayoweza kuwafaa wapangaji wa sera wa Afrika Mashariki na Kati wanaoshughulikia maporomoko ya ardhi, pamoja na yale yasiyoweza kuhamishwa.

Maneno muhimu: theluji, maporomoko, tathmini ya hatari, viwango vya tahadhari, istilahi

1.0 Utangulizi

Katika majira ya baridi ya 1950/51, maporomoko ya theluji yaliua watu 98 nchini Uswisi pekee. Nyumba, mazizi na misitu vilisombwa katika mabonde ambayo watu walikuwa wameishi kwa vizazi vingi. Baada ya msiba huo, serikali na jumuiya za milimani ziliwekeza katika kinga ya kudumu: vizuizi vya chuma vilijengwa kwenye miteremko ambako maporomoko huanzia, misitu ya kinga ikatunzwa, na ramani za hatari zikachorwa. Katika ramani hizo, rangi nyekundu humaanisha kwamba ujenzi umekatazwa, ilhali rangi ya buluu humaanisha kwamba ujenzi unaruhusiwa kwa masharti.

Mtihani wa kinga hiyo ulikuja mwezi Februari 1999, theluji nyingi ilipoanguka mfululizo katika milima ya Alps. Nchini Uswisi walifariki watu 17, kumi na wawili kati yao katika eneo la Evolène. Katika nchi jirani ya Austria, poromoko lililokifikia kijiji cha Galtür tarehe 23 Februari liliua watu 31, na siku iliyofuata wengine saba walikufa katika kitongoji cha Valzur. Kwa hiyo kuta na ramani zilipunguza vifo vya Uswisi kwa kiasi kikubwa, lakini hazikuondoa hatari.

Tangu hapo sura ya tatizo imebadilika. Siku hizi zaidi ya watu tisa katika kila kumi wanaouawa na maporomoko ya theluji nchini Uswisi hufia nje ya vijiji, barabara na njia zinazosimamiwa. Hao ni watu wanaopanda milima au kuteleza kwa skii katika maeneo ya wazi kwa hiari yao. Barani Ulaya vifo vya aina hii hufikia takriban mia moja kwa mwaka. Aidha, katika matukio mengi zaidi ya hayo, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au na mwenzake wa msafara.

Katika mazingira kama hayo haiwezekani kuweka ukuta kwenye kila mteremko, wala haifai kuufunga mlima wote. Kinga kuu ambayo taasisi ya umma inaweza kuitoa ni taarifa. Swali la msingi, basi, ni hili: taarifa hiyo hutengenezwaje, ina maana gani, na inakomea wapi?

2.0 Theluji kama Matabaka

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana ambayo ni muhimu kutofautishwa. *Theluji* ni chembe za fuwele zinazoanguka kutoka mawinguni. *Barafu* ni maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu. *Sakitu* ni mvuke wa hewa unaoganda moja kwa moja juu ya uso wa kitu baridi. Katika tathmini ya maporomoko, vitu vyote vitatu huweza kukutana ndani ya mita moja au mbili za kina.

Kila dhoruba huacha tabaka lake. Baina ya dhoruba moja na nyingine, jua, upepo, baridi na mvua huubadilisha uso wa theluji, kisha dhoruba inayofuata huufunika. Matokeo yake ni rundo lenye kumbukumbu ya majira yote: tabaka gumu la upepo, ganda la barafu lililoachwa na mvua, tabaka laini la siku tulivu. Anayechimba shimo katika theluji huweza kuisoma historia hiyo kuanzia chini hadi juu.

Matabaka hayo hayatulii. Karibu na ardhi, joto la theluji aghalabu hukaribia sifuri, ilhali juu huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Pale ambapo joto linabadilika kwa kasi, hasa zaidi ya nyuzi 10 kwa kila mita ya kina, mvuke huhama kutoka chembe za chini zenye joto kwenda za juu zenye baridi. Chembe za duara zilizokuwa zimeshikana hugeuka kuwa chembe kubwa zenye pembe, zisizoshikana, zinazomwagika mkononi kama sukari. Hali hii hujitokeza zaidi pale theluji ilipo ya kina kifupi na anga limekuwa safi kwa muda mrefu. Ndiyo maana majira yanayoanza kwa theluji haba huweza kuwa ya hatari zaidi kuliko yale yanayoanza kwa theluji tele, jambo ambalo mgeni wa milima halitarajii.

Sakitu nayo huzaliwa usiku wa anga safi na hewa tulivu. Juu ya uso wa theluji huwa ni urembo usio na madhara. Hatari yake huanza inapofunikwa bila kuvunjika. Tabaka la sakitu lenye unene wa milimita chache huweza kudumu chini ya theluji mpya kwa majuma kadhaa, likibeba mzigo mzito juu yake.

Poromoko linaloua watu wengi zaidi ni la *bamba*. Bamba ni tabaka la juu ambalo chembe zake zimeshikana kiasi cha kusogea kwa pamoja, likilala juu ya tabaka dhaifu. Uzito wa mtu mmoja unapoliponda tabaka dhaifu mahali padogo, ufa huanza na kukimbia chini ya bamba kwa makumi au hata mamia ya mita kwa sekunde chache. Mteremko ukiwa mkali wa kutosha, bamba zima hukatika na kushuka. Tofauti na jiwe linaloanguka kutoka juu, bamba hukatika mara nyingi juu ya mtu aliyelianzisha, naye akajikuta katikati yake.

Maelezo hayo yanabomoa dhana moja iliyoenea sana, kwamba mteremko wenye nyayo za waliotangulia ni salama. Unene wa bamba hutofautiana kutoka hatua hadi hatua. Watu kumi huweza kupita mahali ambapo bamba ni nene na nyayo zao zisilifikie tabaka dhaifu, kisha wa kumi na moja akakanyaga ukingoni ambako ni jembamba, na mteremko mzima ukakatika.

Upepo una nafasi ya pekee katika ujenzi huu, na kwa wakazi wa Alps unahesabiwa kuwa ndiye fundi mjenzi wa maporomoko. Huichukua theluji kutoka upande unaovumiwa, huipondaponda, na kuishindilia upande wa pili wa kilele kwa kasi kubwa kuliko ya theluji inayoanguka. Mteremko huweza kubebeshwa bamba jipya katika siku isiyonyesha theluji hata kidogo.

3.0 Kutoka Uchunguzi hadi Taarifa ya Hatari

Taasisi ya Uswisi ya Utafiti wa Theluji na Maporomoko ya Theluji, ijulikanayo kwa kifupisho SLF, ina makao yake Davos. Mizizi yake inarudi kwenye maabara ya mwaka 1936 iliyowekwa Weissfluhjoch, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Tangu 1945 imekuwa ikitoa taarifa ya hatari kwa umma. Katika majira ya baridi, taarifa hiyo hutolewa saa 11 jioni kwa ajili ya siku inayofuata, na kuhuishwa saa 2 asubuhi.

Taarifa hujengwa juu ya mikondo mitatu ya maarifa. Wa kwanza ni vituo vya kujiendesha vilivyotapakaa milimani, vinavyopima upepo, joto na kina cha theluji. Wa pili ni mifumo ya utabiri wa hali ya hewa. Wa tatu ni binadamu: takriban waangalizi 200, wengi wao wakazi wa mabonde, wanaotuma ripoti za walichokiona na kukipima. Mkondo huu wa tatu haujafutwa na mashine. Mtambo hupima kina cha theluji mahali pamoja. Mwangalizi huona kwamba mteremko ulio mkabala na nyumba yake umeporomoka usiku, na huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote.

Mtabiri huyachuja maarifa hayo kwa kuuliza maswali matatu. Je, theluji ina uthabiti kiasi gani, yaani, inahitaji nguvu ndogo au kubwa ili kukatika? Je, mahali penye udhaifu huo ni pachache au pengi? Je, poromoko likitokea litakuwa na ukubwa gani, kuanzia dogo linaloweza kumwangusha mtu hadi lile linaloweza kuangamiza kijiji? Majibu huunganishwa kwa jedwali la pamoja lililokubaliwa na taasisi za Ulaya, na kutoka humo hupatikana kiwango kimoja kati ya vitano. Mizani hiyo ya viwango vitano ilikubaliwa na nchi za Ulaya mwaka 1993. Kabla yake kila nchi ilikuwa na mizani yake, na msafiri aliyevuka mpaka alilazimika kujifunza upya maana ya tahadhari. Amerika ya Kaskazini nayo hutumia viwango vitano vinavyokaribiana na hivyo.

Sambamba na kiwango, taarifa hutaja *aina ya tatizo*: theluji mpya, theluji ya upepo, matabaka dhaifu ya kudumu, theluji iliyolowa, au theluji inayoteleza juu ya ardhi laini. Hutaja pia mwinuko na pande za mlima zinazohusika. Sehemu hii hupuuzwa mara nyingi, ilhali ina manufaa makubwa kwa uamuzi. Theluji ya upepo huweza kutambuliwa kwa macho na kuepukwa. Tabaka dhaifu la kudumu limejificha, halionyeshi alama, na dawa yake ni kukaa mbali na miteremko mikali kwa siku au majuma. Kiwango kinaweza kuwa kimoja katika hali zote mbili, lakini mwenendo unaohitajika ni tofauti.

Mambo mawili yanapaswa kusisitizwa kwa msomaji wa sera. Kwanza, kiwango hakipimwi kwa kifaa. Ni hukumu ya kitaalamu iliyofanywa kwa utaratibu, na watabiri wawili wenye ujuzi huweza kutofautiana. Pili, kiwango huhusu eneo, kwa kawaida lenye angalau kilomita za mraba 100 hivi. Ndani ya eneo la kiwango cha 2 pana miteremko ya kifo. Ndani ya eneo la kiwango cha 4 pana njia salama kabisa. Kwa hiyo taarifa hainuii kumwambia msafiri kama mteremko ulio mbele yake utaporomoka. Inamwambia ni maswali gani aende nayo.

4.0 Kusoma Mteremko

Kazi ya pili ni ya msafiri mwenyewe. Jambo la kwanza ni mwinamo. Mabamba hukatika zaidi kwenye miteremko yenye mwinamo wa baina ya nyuzi 30 na 45. Chini ya nyuzi 30 uwezekano wa poromoko kuanzia hapo hupungua sana, na mwinamo huweza kupimwa kwenye ramani kabla ya kuondoka nyumbani. Hili ni jambo la thamani kubwa, kwa sababu theluji hubadilika kila siku lakini mwinamo haubadiliki. Hata hivyo, mwinamo wa mahali anaposimama mtu hautoshi. Bonde tambarare lililo chini ya mteremko mkali huweza kufikiwa na poromoko lililoanzia mamia ya mita juu yake, na korongo jembamba huweza kulirundika poromoko dogo likawa kaburi lenye kina.

Jambo la pili ni dalili. Maporomoko mapya katika eneo lile lile ndiyo dalili ya wazi kuliko zote. Inayofuata ni mlio mzito wa chini kwa chini pale theluji inaposhuka ghafla chini ya miguu. Mlio huo ni sauti ya tabaka dhaifu likivunjika. Nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii, upepo mkali wa karibuni, na joto linalopanda kwa ghafla ni dalili nyingine.

Jambo la tatu ni majaribio. Mojawapo linalotumika sana ni la nguzo ndefu: msafiri hukata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30, huweka bapa la beleshi upande mmoja wa juu, kisha hupiga mara kumi kwa kukunjua kiganja kutoka kifundo cha mkono, mara kumi kutoka kiwiko, na mara kumi kutoka bega. Ufa ukikimbia katika nguzo nzima kwa mapigo machache, theluji hiyo ina uwezo wa kuanzisha poromoko na kulieneza.

Jaribio hili lina upande mmoja tu wa kuaminika. Matokeo mabaya ni sababu ya kutosha ya kugeuka. Matokeo mazuri si ruhusa ya kuendelea, kwa sababu shimo moja husema habari za mahali pamoja, na hatua ishirini mbele hali huweza kuwa nyingine. Kanuni hiyo huhusu dalili zote: uwepo wake ni ushahidi, ukosefu wake si ushahidi wa kinyume.

Werner Munter, mwongoza milima wa Uswisi, aliuweka utaratibu huu katika vichujio vitatu. Hali ya theluji, sura ya ardhi na watu wa msafara huchunguzwa mara tatu: nyumbani wakati wa kupanga, eneoni baada ya kufika, na mbele ya kila mteremko mmojammoja. Faida yake ni kwamba uamuzi mgumu haubaki wote kwa dakika za mwisho, wakati mwili umechoka na kilele kinaonekana.

Umuhimu wa kuamua mapema unatokana pia na ufinyu wa muda wa uokozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 katika jarida la *Nature* ulionyesha kwamba uwezekano wa mtu aliyefunikwa kabisa kunusurika ulikuwa takriban asilimia 92 baada ya dakika 15, ukaporomoka hadi asilimia 30 hivi baada ya dakika 35. Uchambuzi wa takwimu za Uswisi uliotolewa mwaka 2024 uliufupisha muda huo wa matumaini hadi dakika 10 hivi. Helikopta haiwezi kutegemewa kufika ndani ya dakika 10. Wanaookoa ni wenzake wa msafara, wakiwa na kifaa cha redio cha masafa ya kilohezi 457, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi.

5.0 Kiwango cha 3 na Tatizo la Katikati

Takwimu za Uswisi zinaonyesha jambo linalopaswa kumshughulisha yeyote anayetunga mizani ya tahadhari. Kiwango cha 3 hutangazwa katika takriban asilimia 30 ya siku za majira ya baridi, lakini takriban nusu ya vifo hutokea katika siku hizo. Kiwango cha 2 hutangazwa katika karibu nusu ya siku na huhusishwa na takriban asilimia 30 ya vifo. Viwango vya juu zaidi, 4 na 5, vina sehemu ndogo ya vifo vya wasafiri, kwa sababu hutangazwa mara chache na watu wengi hubaki nyumbani.

Sababu ya kwanza ni ya kihesabu. Viwango havipandi kwa hatua zilizo sawa kama ngazi za nyumba. Hatari huongezeka kwa kasi kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Msomaji anayeona "3 kati ya 5" huielewa kama nusu ya njia, ilhali kwa msafiri wa milimani kiwango hicho kiko karibu na kilele cha hatari kuliko katikati.

Sababu ya pili ni ya kilugha. Kijerumani hukiita kiwango hicho *erheblich*, yaani chenye uzito wa kujali; Kifaransa hukiita *marqué* na Kiitaliano *marcato*, yaani kilichokolea. Nchi zilikubaliana juu ya namba, lakini kila lugha ilibeba msisitizo wake. Kiswahili kikitafutiwa istilahi kitakabiliwa na mtego huohuo. "Kubwa kiasi" ingefuata mpangilio wa namba vizuri, lakini neno *kiasi* hupunguza, na msikilizaji angelitafsiri kuwa "si kubwa sana". "Dhahiri" ingekaribiana na Kifaransa, lakini ingeahidi kwamba hatari inaonekana kwa macho, ilhali tabaka dhaifu la kudumu huua kwa sababu halionekani. "Nzito" ina faida ya kubeba uzito bila kuahidi dalili. Namba huonyesha mpangilio. Neno huelekeza mwenendo. Istilahi ya tahadhari isipimwe kwa usahihi wa tafsiri peke yake, bali kwa kitendo ambacho msikilizaji atakifanya baada ya kuisikia.

Sababu ya tatu ni ya kibinadamu. Mtafiti wa Marekani Ian McCammon alichambua zaidi ya ajali 700 za maporomoko nchini mwake na kubainisha mitego ya fikra inayowanasa hata watu waliosomea usalama wa theluji: kuzoea mahali, kung'ang'ania lengo lililokwisha kupangwa, kumfuata anayedhaniwa kuwa mtaalamu, na kujipa moyo kwa kuona wengine. Katika kiwango cha 4, dalili za wazi humshinda mtu anayejidanganya. Katika kiwango cha 3, ukimya wa mlima humpa nafasi ya kuendelea kujidanganya.

Tukio la tarehe 1 Februari 2003 nchini Kanada linaonyesha jinsi sera inavyoweza kujifunza kutokana na pengo hilo. Karibu na Rogers Pass, katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, British Columbia, kundi la wanafunzi na walimu wao lilikuwa likipita katika bonde la Connaught Creek. Kiwango kilichotangazwa kwa miinuko ya juu kilikuwa cha 3, katika majira yaliyokuwa na tabaka dhaifu lililoundwa tangu Novemba. Poromoko lilianzia juu ya bonde na kuwafikia; wanafunzi saba walifariki. Kundi hilo lilikuwa bondeni, chini ya miteremko ambayo hakuna aliyekusudia kuikanyaga.

Jibu la Kanada halikuwa kubadilisha kiwango. Mamlaka ya hifadhi iliunda mizani ya pili, inayopima *ardhi* badala ya theluji. Mizani hiyo ilianza na madaraja matatu: ardhi nyepesi, ardhi yenye changamoto, na ardhi tata. Njia zikaainishwa mojamoja, na masharti mapya yakawekwa kwa makundi ya watoto: marufuku kuingia katika ardhi tata, na lazima kuwa na mwongoza msafara mwenye sifa katika ardhi yenye changamoto. Mwaka 2004 kilianzishwa kituo cha kitaifa cha taarifa za maporomoko. Mantiki yake ni nyepesi kuelezwa: mwalimu hawezi kuisoma theluji kama mtabiri, lakini anaweza kuulinganisha mstari wa njia na daraja lake kabla basi halijaondoka shuleni.

6.0 Yanayohamishika na Yasiyohamishika

Afrika Mashariki na Kati haina tatizo la mabamba ya theluji, lakini ina milima inayoporomoka. Tarehe 1 Machi 2010, udongo wa Mlima Elgon ulikizika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, Uganda. Mwezi Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na siku chache baadaye mamia walifariki huko Kalehe, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Desemba ya mwaka huohuo, tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang nchini Tanzania liliua watu katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani.

Udongo si theluji. Theluji huanza upya kila mwaka na matabaka yake huweza kusomwa kwa shimo la dakika 20. Udhaifu wa udongo hujengeka kwa miaka mingi na hutegemea jiolojia, mimea, mashamba na mvua. Namba za Davos haziwezi kunakiliwa Mbale wala Bukavu. Hata hivyo, mambo manne ya kitaasisi yanaweza kuhamishwa: mtandao wa waangalizi wakazi wanaotuma ripoti kila siku na kuaminiwa, mizani moja inayovuka mipaka ya nchi, kwa kuwa Elgon ni ya Uganda na Kenya na Kivu ni ya Rwanda na Kongo, kutenganisha hali inayobadilika, ambayo hapa ni mvua, na ardhi isiyobadilika upesi, ambayo huweza kuainishwa mapema, na istilahi za Kiswahili zilizojaribiwa kwa wasikilizaji kabla ya kutangazwa.

Lipo jambo la tano lisilohamishika, nalo ni zito kuliko hayo manne. Msafiri wa Alps huchagua kwenda mlimani na huweza kuchagua kurudi. Mkulima wa Bududa anaishi kwenye mteremko wenyewe. Shamba lake, kaburi la wazazi wake na chakula cha watoto wake viko hapo. Kumwambia kwamba leo ni kiwango cha 4 bila kumwonyesha mahali pa kulala usiku huo ni kumhamishia lawama bila kumpunguzia hatari. Mgawanyo wa kazi unaofanya kazi Uswisi unachukulia kwamba mpokea taarifa ana chaguo. Pale ambapo chaguo halipo, ni wajibu wa sera kuliumba kwanza.

7.0 Hitimisho

Tathmini ya hatari ya maporomoko ya theluji imekomaa kwa kukubali mipaka yake. Taasisi haidai kujua mteremko upi utakatika. Inaeleza uthabiti wa theluji, kuenea kwa udhaifu na ukubwa unaotarajiwa, kisha inalibana yote katika namba moja inayoeleweka mpakani na mpakani. Msafiri hupokea namba hiyo na kuijazia mwinamo, dalili na tabia ya wenzake. Vifo vya kiwango cha 3 vinaonyesha kwamba kiungo kati ya kazi hizo mbili ndicho dhaifu, na kwamba udhaifu huo uko katika lugha na mazoea ya watu kama ulivyo katika fuwele za theluji.

Kwa washauri wa sera, matokeo yake ni mahususi. Mizani ya tahadhari ichunguzwe kwa kulinganisha vifo vya kila kiwango na siku zake, ili kujua ni wapi maneno hayaleti mwenendo uliokusudiwa. Uainishaji wa ardhi utangulie au uandamane na utabiri, kwa kuwa ndio unaowafaa wasio wataalamu. Waangalizi wa mabondeni wagharimiwe kama sehemu ya mtambo wa tahadhari. Na kila kiwango kinachotangazwa kiambatane na kitendo ambacho anayekisikia ana uwezo wa kukitenda.